Mashine Haikukosea

Watu wakinisifu kwa kazi ya kompyuta niliyoifanya Tanga miaka ile, huwa nawaambia wanyamaze. Wanadhani najishusha. Hata kidogo! Kazi ile ilimharibia jina mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa fundi wa kupika sabuni. Mimi ndiye niliyeifanya, na mimi ndiye niliyenyamaza wakati neno langu moja lingemwokoa. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina mjukuu, lakini majuto ninayo, tena yamekua na ndevu. Leo nayasema.

Nianze na sabuni. Waliozaliwa juzi hawajui sabuni ilikuwa kitu gani miaka ya foleni. Sisi tulifua kwa majani ya mpapai, tukayaponda, tukayasugua kwenye sare za shule mpaka zikawa na rangi isiyo na jina. Mche mmoja wa sabuni ulihitaji kibali, na kibali kilihitaji kujuana. Mwanamke alikuwa radhi kwenda Korogwe na kurudi kwa kusikia tu kwamba kuna duka limeshusha katoni.

Mjomba hakuwa na shida hiyo. Nyuma ya nyumba yake Usagara alikuwa na pipa lililokatwa nusu, mawe matatu, na kasia la kukorogea. Mafuta ya nazi yalimfikia kutoka Pangani na Kigombe katika madebe, kostiki, ile dawa kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, aliipata anakojua mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Sabuni yake ilikuwa nyeupe ya kukaribia njano, laini, haichubui. Wazazi waliomwogesha mtoto wa siku arubaini walitaka sabuni ya mjomba, si nyingine. Huko ndiko alikopatia jina. Mtaani hakuwa na mali wala cheo, lakini akipita utasikia, "Shikamoo fundi," na watu wazima wakiwemo.

Nikiwa msichana nilikaa pale kwenye kigogo nikimtazama, mara mia, mara elfu, sijui. Alipika hivi: kwa kila ratili mia za mafuta aliweka kostiki ratili ishirini. Ukali huo ulizidi, na alijua umezidi. "Mafuta lazima uyatishe kwanza, mpwa wangu, ndipo uyabembeleze," alisema. Uji ukishashikana, alichovya kijiti, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema. Ukiuma, anamimina kata moja ya mafuta, anakoroga, anaonja tena. Kwa pipa lile ilifika kama nusu debe mpaka ulimi utulie, lakini kila mafuta yana tabia yake. Ya nazi mbichi hivi, ya mbata ya zamani vile. Kubembeleza huko ndiko kulikokuwa ufundi. Kuchanganya hata mimi ningeweza.

Basi, milango ikafunguliwa. Biashara ikaruhusiwa, mitumba ikashuka, redio za Dubai zikalia kila kibaraza. Nami nilikuwa Dar es Salaam nikijifunza kompyuta, mambo ambayo mama alikuwa akiwaeleza majirani kwamba "anasomea taipu ya umeme." Niliporudi Tanga nikakuta mtu mmoja, Mwislamu wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa palepale mjini na baba yake pia, amefungua kiwanda kidogo cha sabuni. Sote tulimwita tajiri. Mtu wa kwanza ambaye tajiri alimtafuta alikuwa mjomba, akampa masufuria manne makubwa na wapishi wapya wa kukoroga. Wa pili nilikuwa mimi, maana alikuwa amenunua kompyuta na haikuwa na wa kuigusa. Ilikaa ofisini imefunikwa kitambaa alichokifuma mkewe.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Niliweke hili wazi. Alikuwa na haraka, lakini aliheshimu watu. Alichokitaka kilieleweka. Mafuta yalibadilika kila wiki: leo nazi, kesho mawese, keshokutwa nazi na mafuta ya ng'ombe. Alitaka kila mpishi aandike kanuni yake kwenye mashine, aweke na uzito wa mafuta yaliyopo, mashine imwambie apime kostiki kiasi gani na maji kiasi gani. Kisha kukawa na habari ya Ramadhani. Wapishi wote walifunga. Masheikh walisema kuonja na kutema hakumfunguzi mtu, lakini mjomba hakutaka hata kusikia. "Mimi na Mola wangu hatutabishana kwa sababu ya ncha ya ulimi," alisema. Kwa hiyo kila mwezi mtukufu masufuria yalipoa mwezi mzima, na ndio mwezi ambao Tanga nzima inataka sabuni ya kufulia na kuogea Idi. Tajiri naye alifunga, hakuthubutu kumlazimisha mtu. Alitaka kanuni za kupikia bila ulimi.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kivivu. Lugha niliyotumia ilikuwa na njia ya mkato: chochote mtu alichoandika kwenye nafasi ya kanuni, mashine ilikichukua kama agizo na kukitekeleza. Akiandika mafuta mara sehemu ya ishirini kwa mia, inapiga hesabu. Nzuri, si ndiyo? Siku moja mpishi mmoja, mtu wa Kigombe mwenye maneno mengi, alikosea kanuni yake akataka kuifuta. Alikuwa ameniona nikiandika agizo la kufuta mafaili ya zamani, akalikariri herufi kwa herufi, akaliandika palepale kwenye nafasi ya kanuni, akabonyeza. Mashine ikatii. Kazi ya miezi miwili ikaenda na maji.

"Mbona imekuwa nyeupe?" akaniuliza.

"Kwa sababu umeua kila kitu, ndugu yangu!"

"Ala! Mimi nilitaka ifute mstari mmoja. Nayo haiulizi?"

Alisema kweli. Haiulizi. Nililia kwa hasira, kisha nikakaa chini kuandika kitu cha maana. Sisi wa kazi hiyo huita maktaba: kifurushi cha maagizo yaliyokamilika, ambacho programu nyingine yoyote inaweza kukiazima. Yangu ilikuwa na kazi moja tu, kupokea kanuni kutoka kwa mtu yeyote, mjinga au mkorofi, na kuipigia hesabu bila kumpa nafasi ya kudhuru. Haikutekeleza kitu. Ilisoma herufi moja moja. Namba, sawa. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sawa. Mabano, sawa, lakini yasizidi kumi ndani ya mengine, maana mkorofi angeweza kuyarundika mpaka mashine izimie. Majina ya mafuta tuliyoyasajili, sawa. Kugawanya kwa sifuri, kataa. Kanuni ndefu kuliko mstari mmoja, kataa. Neno lolote lisilo kwenye orodha, kataa, na skrini iandike HAIRUHUSIWI.

Nilijivunia neno lile, Mungu anisamehe. Nilikaa mchana mzima nikiibughudhi mashine kwa kila ujanja nilioweza kuufikiria, nayo ikanijibu HAIRUHUSIWI, HAIRUHUSIWI, nami nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Yule wa Kigombe nilimwambia ajaribu kuiharibu. Alijaribu mpaka akachoka, akasema, "Hii sasa ina mlinzi."

Mjomba akaja na daftari lake. Alikuwa amekaa siku tatu kuliandika, kwa mwandiko wa chuoni, herufi zimelala. Kanuni ya mafuta ya nazi aliiandika hivi: mafuta mara ishirini kwa mia, kisha nusu debe la kubembelezea, kata kwa kata, onja, kama umefunga, paka ndani ya mkono juu kidogo ya kiganja, hesabu mpaka mia, ukiwasha ongeza kata, ukitulia, epua. Nimeikariri. Zingatieni: alikuwa ametafuta dawa ya Ramadhani. Mzee yule, bila kompyuta, alikuwa ameshatatua shida ambayo tajiri aliniajiri niitatue.

Nikaiingiza kanuni mbele yake. Mashine ikapokea ishirini kwa mia, ikafika kwenye "kisha", ikasema HAIRUHUSIWI.

"Inasemaje?" mjomba akauliza.

"Inakataa maneno, mjomba. Inataka hesabu tupu."

"Haina adabu. Mtu anaielekeza, inamkata kauli."

"Ndivyo ilivyoundwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akacheka, lakini si sana. "Basi wewe ndiye usiye na adabu. Mwanangu, hesabu ni nusu ya kanuni. Nusu ya pili ni hayo maneno. Usiwape watu nusu. Wataunguza ngozi za watoto, na wataniita mimi." Akaniomba jambo moja tu: maneno yake yakae chini ya kanuni, mpishi ayaone kabla hajaanza kupima.

Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Lilikuwa jambo jepesi! Maneno yale hayakuhitaji kupigiwa hesabu. Yangeweza kukaa pembeni kama maandishi tu, mashine iyaonyeshe bila kuyagusa. Mlinzi wangu asingeguswa. Lakini mimi nilikuwa na kiburi cha kitu kisafi. Niliona maneno ya mzee ni takataka kwenye ua niliokwisha fagia. Nikasema nitayaweka baadaye. Nikaingiza ishirini kwa mia peke yake, mashine ikakubali, nikafunga daftari.

Miezi ikapita, wala hakukuwa na tatizo lolote. Mashine ilitoa kiasi cha kostiki, wale wapishi wapya wakapima, wakamimina, wakakoroga. Kisha mjomba alipita sufuria kwa sufuria na kijiti chake na debe lake la mafuta, akaonja, akabembeleza, sabuni ikatoka nzuri. Tajiri aliona mashine. Hakumwona mjomba, kwa sababu alikuwa amemzoea.

Ikawa sifa. Tajiri alikuwa na jamaa Moshi mwenye kiwanda cha namna hiyo, na rafiki Dar es Salaam aliyetengeneza rangi za nyumba, wote wakataka "ile programu ya kanuni." Akaniambia niifungashe. Nikaifungasha, na nilifurahia kazi ile kuliko nilivyofurahia kuiandika. Kila nakala ilikuwa disketi mbili: moja ya maktaba yenyewe na maelezo kwa mafundi wa kompyuta, ya pili ya kanuni zilizokwisha jaribiwa. Kijitabu nilikipiga taipu kwenye karatasi ya stensili, kikachapwa kwenye ofisi ya shule moja, kurasa kumi na mbili. Humo nilieleza namna ya kuiita maktaba, nini kinakubaliwa, nini kinakataliwa na kwa nini. Vifuko vya nailoni nilivifunga midomo kwa moto wa mshumaa. Hatukuwa na maboksi, tukatumia ya sabuni, kwa hiyo programu yangu ilifika Moshi inanukia mlangilangi. Jamaa wa tajiri alipiga simu kusifu harufu kabla hajasifu hesabu; kanuni za kupikia alikuwa na za mafundi wake.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu niliandika: "Kanuni zote zimetolewa na fundi mkuu mwenyewe." Niliona nampa heshima.

Ramadhani ikakaribia. Tajiri akamwita mjomba, nami nikiwepo. "Fundi, mwaka huu kaa nyumbani ufunge kwa raha. Mshahara wako uko palepale. Binti na mashine yake watatosha." Alisema kwa wema kabisa. Mjomba akashukuru, lakini tulipotoka nje alinishika mkono pale kwenye mlango wa ghala.

"Maneno yangu yamo?"

Nilikuwa na mambo kumi kichwani. Nakala za Dar es Salaam zilikuwa hazijaenda. Nikasema, "Yamo, mjomba."

"Yote? Na ya kupaka mkononi?"

"Yote."

"Haya. Basi nafunga kwa amani." Akaenda zake akivuta ndara, na mimi nikajiambia kwamba nitayaingiza jioni ileile, kwa hiyo si uongo, ni ukweli uliotangulia. Loo! Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Jioni ile sikuyaingiza. Wala kesho yake.

Tulipika mwezi mzima. Masufuria manne, kila siku, hakuna aliyeonja kwa sababu sote tulifunga. Wiki ya kwanza yule wa Kigombe alisimama mlangoni kwangu anapangusa mikono. "Dada, na yale mafuta ya mzee ya mwisho? Huwa anamiminamimina."

Nilikuwa naandika anwani kwenye boksi. Sikuinua hata uso. Nilimjibu, "Fuata skrini."

Alifuata skrini. Wote walifuata. Nami nilijua! Nilikuwa nimekaa kwenye kigogo kile mara elfu nikimwona mzee akitema mate na kumimina kata. Mtu mwingine angesema hakujua. Mimi siwezi. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na haraka, nilikuwa na kiburi, na kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu tangu utotoni sikukikumbuka kwa sababu hakikuwa kwenye orodha yangu.

Sabuni ile tuliiweka ghalani ikauke, tukaitoa karibu na sikukuu, nayo iliisha madukani siku tatu kabla ya Idi. Watu wakafua makanzu na madira, wakaogesha watoto asubuhi ya sikukuu ili wavae nguo mpya. Kufika mchana wa Idi Pili habari zilikuwa zimejaa mji. Watoto shingo nyekundu, makwapa yamechubuka. Kina mama vidole vimetoka maganda. Jirani yetu mmoja alimleta mjukuu wake wa kike mpaka kwetu, akamvua gauni mbele ya mama yangu bila kusema neno, na mgongo wa yule mtoto ulikuwa umebabuka kutoka mabegani hadi kiunoni.

Asubuhi kiwanda kilipofunguliwa, baraza ilijaa watu na vipande vya sabuni mikononi. Tajiri alirudisha kila kipande, akaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Kisha akaniita ndani na kufunga mlango. Mjomba alikuwa hajafika.

Uso wake ulikuwa umekunjamana, macho mekundu. "Binti, nataka kitu kimoja. Nijibu kweli. Mashine imekosea?"

Ningeweza kusema: mimi nimekosea. Mzee alinipa kanuni nzima, nikaikata. Aliniuliza, nikamdanganya. Sentensi tatu. Zilikuwa zimefika kooni. Lakini niliiona kazi yangu inaondoka, niliona maboksi yale yenye sifa yanarudi kutoka Moshi, nikamwona mama akiulizwa na majirani. Nikasema, "Mashine haikukosea. Imehesabu kanuni kama ilivyo."

Na ilikuwa kweli, tazameni balaa hilo! Hakuna aliyeweza kunikamata. Ishirini kwa mia ya mafuta yale ni kiasi kilekile kilichotoka. Ilihesabu kwa usalama kabisa.

"Kwa hiyo ni kanuni."

Nikanyamaza.

"Kanuni ni ya mzee."

Nikanyamaza. Tajiri akakaa kwenye kiti kama mtu aliyeambiwa msiba. Akasema kwa sauti ya chini, "Akiwepo inatoka nzuri, akikaa nyumbani inaunguza; basi alituandikia pungufu kusudi, kwa kuichukia mashine. Sikujua kama alichukia kiasi hicho." Hata hapo, wallahi, hata hapo nilikuwa bado na nafasi. Nilitazama sakafu.

Mjomba alipokuja, hakuulizwa mengi. Tajiri alimwambia akapumzike moja kwa moja, akamshukuru kwa yote, hakumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana, maana mzee angejitetea. Mtu ukimfukuza kwa adabu anaondoka kwa adabu. Alitoka na kijiti chake na kata yake. Aliponipita alisema tu, "Mpwa wangu, watoto wamepona?" Nikasema wanaendelea vizuri.

Maneno ya mjini hayana breki. Wiki haikuisha, mji mzima ulishajua kwamba fundi aliwapa kanuni mbovu kwa makusudi, eti kwa uchungu wa kuwekwa kando na mashine. Waliosema hivyo walikuwa walewale waliowaogesha watoto wao wa arubaini kwa sabuni yake miaka ya dhiki, alipoweza kuwauzia majivu wakashukuru. Akipita, wengine waligeukia upande wa pili. Shikamoo zikapungua. Yule wa Kigombe alinitazama siku moja kwa muda mrefu, akasema, "Dada, wewe unajua," kisha akachukua mfuko wake akarudi kwao. Hakusema kwa mtu, na sijui kama nimshukuru au nimlaumu.

Kuhusu maneno ya mjomba, niliyaweka. Baada ya Idi nilifungua programu, nikaongeza nafasi ya maelezo chini ya kila kanuni, maandishi matupu yasiyopigiwa hesabu. Ilinichukua asubuhi moja. Asubuhi moja! Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshajaribu na kumaliza. Nikatengeneza nakala mpya za Moshi na Dar es Salaam, nikafunga vifuko kwa mshumaa, na kwenye kijitabu nikaandika, "Toleo la pili: nafasi ya maelezo imeongezwa." Rafiki wa tajiri wa Dar es Salaam aliandika barua kusema nafasi ile ya maelezo ndiyo kitu bora zaidi katika kazi yote, na kwamba aliyeifikiria ana akili. Tajiri alinisomea barua ile akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu sikukuu. Nikasema asante.

Mjomba alihama Usagara akaenda Pangani, kwenye shamba la minazi la mkewe. Nilikuwa nikijiambia kila mwezi kwamba mwezi ujao nitakwenda. Nilikwenda baada ya karibu miaka miwili, nilipopata habari kwamba ameanza kuumwa kifua. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya mwalimu: mjomba, hayakuwamo. Nilikudanganya. Maneno yako hayakuwamo.

Nilimkuta kibarazani amekaa juu ya mkeka, amekonda, mikono yake mikubwa imelala mapajani haina la kufanya. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, karibu, karibu." Mkewe, mkaza mjomba wangu, akaniletea madafu, akakaa pembeni anasuka ukili. Tuliongea habari za nyumbani, mama, mvua, nani kaoa. Niliuliza kama bado anapika sabuni, maana nazi zilikuwa zimejaa uani, zinaota.

Mkewe akajibu badala yake. "Hagusi. Nimemwomba atupikie hata ya kufulia tu. Ananituma dukani."

"Mikono hii haiaminiki tena," mjomba akasema.

Nikafungua kinywa. Yeye akaninyooshea kiganja ningoje, kwa sababu alikuwa na jambo lake, na nikaona alikuwa ameliweka kwa muda mrefu akisubiri nije.

"Mpwa wangu, nisamehe. Nimelipigia hesabu usiku na mchana. Wewe uliyaweka maneno yangu yote, ulinihakikishia, na wale mabwana wakayafuata. Basi kosa liko kwenye maneno. Nilisema nusu debe, nao wakaishia hapo. Kwa masufuria makubwa yale pengine lilitakiwa debe zima. Nilizoea pipa la nyumbani, na kiwandani nilimimina kwa ulimi, si kwa kipimo. Uzee tu, sikulifikiri. Nimewababua watoto wa watu, na nimekuaibisha wewe mbele ya tajiri, wewe uliyenitia kwenye kitabu chako kwa heshima. Wala hukuja kunilaumu. Nisamehe."

Mkaza mjomba aliacha kusuka. Wote wawili wakanitazama. Mzee alikuwa na machozi, na mimi sikuwahi kumwona na machozi, hata alipomzika mwanawe.

Nusu debe ilitosha; kiwandani nilimwona mwenyewe akimimina, na hakuna sufuria lililozidi hapo. Ningeweza kumwambia hilo angalau. Ningesema, mjomba, ilitosha, hesabu yako ilikuwa sawa, na angeinuka pale pale akawasha moto.

Nikasema, "Yamekwisha, mjomba."

Akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua ndefu. Alifariki kabla ya mavuno ya nazi ya mwaka ule.